Lenzi laini za kale kwa kamera kubwa: kuzichagua, kuzinunua na kuzitumia

Picha laini si picha iliyokosa fokasi. Itazame kwa karibu picha nzuri ya aina hii: kope utazihesabu, mshono wa kola utauona, mstari wa mdomo upo. Juu ya ukali huo kumetandazwa mng'ao mwembamba unaotoka kwenye sehemu zenye mwanga na kumwagikia gizani. Ukiondoa ukali wa chini unabaki na ukungu mtupu, na ukiondoa mng'ao unabaki na picha ya kawaida. Vyote viwili hutoka kwenye lenzi moja kwa wakati mmoja. Ule ukali wa chini nitauita kiini, kwa sababu kila hatua iliyo hapa, kuanzia siku ya kununua hadi chumba cha giza, inahusu kukilinda.

Sababu yake ni rahisi kueleweka. Katika lenzi hizi mbuni ameacha makusudi kasoro ambayo wabuni wengine huhangaika kuiondoa: miale inayopita ukingoni mwa kioo hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko miale inayopita katikati. Miale ya katikati huchora kiini, ya ukingoni huchora mng'ao. Ukifunga tundu la lenzi, yaani shimo la ndani linalopitisha mwanga, unaikata miale ya ukingoni, na picha inakuwa kali. Ndiyo maana tundu ndilo usukani wa ulaini, na ndiyo maana hulifungi wala kulifungua kwa ajili ya mwanga kama ulivyozoea. Mwanga utautafutia njia nyingine, na nitakuja kuieleza.

Hatua ya kwanza: jua unachokitafuta

Mkanganyiko mkubwa sokoni ni kati ya lenzi laini na lenzi ya Petzval. Lenzi ya Petzval, iliyobuniwa mwaka 1840, ni kali sana katikati. Kinachoharibika ni pembeni, ambako mandhari ya nyuma huonekana kama yanazunguka. Watu wengi huiuza kama lenzi laini kwa sababu ni ya shaba, ni nzee na imeandikwa kuwa ni ya picha za watu. Usiinunue kwa jina hilo. Ndani ya familia hiyo iko moja ya kipekee: Patent Portrait ya Dallmeyer, ya mwaka 1866. Sehemu yake ya nyuma inaweza kufunguliwa kidogo kwa kuizungusha, na kila unapoifungua ndivyo kasoro ya makusudi inavyoongezeka. Ikifungwa kabisa inachora kwa ukali.

Lenzi zilizobuniwa kwa ulaini tangu mwanzo zilishamiri kati ya miaka ya 1890 na ya 1930, zama ambazo wapiga picha walitaka kazi yao itazamwe kama michoro. Boston ndiko zilikotengenezwa Pinkham & Smith, ambazo mpiga picha Alvin Langdon Coburn alizitumia. Mpiga picha Karl Struss naye alibuni yake yenye kioo kimoja tu. Hizi mbili leo bei yake iko juu sana, na sioni sababu ya mtu kuanzia hapo. Wollensak wa Rochester, New York, walitengeneza Verito ya f/4 (namba ya f hupima tundu: ikiwa ndogo tundu ni pana, ikiwa kubwa tundu ni jembamba) kwa wingi na kwa urefu mbalimbali, na mimi humwambia kila anayeanza aitafute hiyo. Inafundisha vizuri: kwenye f/4 picha inaelea, kwenye f/5.6 uso unapata umbo, na ikifika f/8 inakaribia kuwa lenzi ya kawaida. Kampuni hiyohiyo ilitoa Velostigmat Series II ya f/4.5, ambayo katika saizi zake kubwa ina pete mbele ya kurekebisha ulaini. Hii mara nyingi hupita bila kuangaliwa na wanunuzi kwa sababu jina lake halitaji ulaini popote, na pete ikiwa kwenye sifuri unapata lenzi kali ya kazi zote.

Ujerumani ilikuwa na njia zake. Mpiga picha Nicola Perscheid alibuni lenzi iliyotengenezwa na Emil Busch wa Rathenow, ya f/4.5, yenye ulaini wa upole sana. Japani waliipenda mno na hadi leo huko bado ina wafuasi. Voigtländer walitoa Universal-Heliar, ambayo kioo chake cha kati husogezwa ili kuleta ulaini. Kisha ikaja Imagon ya Rodenstock, tunda la ushirikiano wa mpiga picha Heinrich Kühn na mbuni wa lenzi Franz Staeble, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Imagon haina tundu la kawaida. Mbele yake huwekwa sahani yenye shimo kubwa katikati na vishimo vingi kulizunguka. Shimo la kati huleta kiini, vishimo vya pembeni huleta mng'ao, na unaweza kuizungusha sahani ili kuvifunga vishimo hivyo kidogokidogo.

Mwaka 1932 huko San Francisco kundi la Group f/64 lilijitangaza kwa kutetea picha kali kabisa, na mitindo ikageuka. Hata hivyo lenzi laini hazikukoma. Kodak walitoa Portrait Lens za milimita 305 f/4.8 na milimita 405 f/4.5. Fujinon SF ya milimita 180 na ya milimita 250, zote f/5.6, ni za karibuni zaidi na huja kwenye shata ya kisasa, kile kifaa kinachofungua na kufunga mwanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Cooke walitoa PS945, milimita 229 f/4.5, wakifuata moja ya lenzi za Pinkham & Smith. Kwa mtu asiyetaka kuhangaika na shata za kale, Fujinon na Imagon ndizo njia fupi.

Hatua ya pili: pima urefu wa lenzi na mvukuto wa kamera yako

Urefu wa lenzi hapa ni urefu wake wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi filamu inapolenga kitu cha mbali sana, si urefu wa mwili wake. Kwa picha za watu, chukua lenzi ndefu kuliko ulalo wa filamu yako, yaani kutoka kona hadi kona. Filamu ya inchi 4 kwa 5 ina ulalo wa takriban milimita 150, ya 5 kwa 7 takriban 210, na ya 8 kwa 10 takriban 310. Kwa hiyo kwenye 4 kwa 5 tafuta milimita 210 hadi 300. Kwenye 5 kwa 7, 250 hadi 360. Kwenye 8 kwa 10, 360 hadi 480. Kuna faida ya pili mbali na sura ya uso kutoonekana imevutwa: lenzi nyingi za namna hii huanza kupoteza kiini kabisa kwenye kona, na ukitumia lenzi ndefu unabaki na eneo la katikati.

Sasa pima mvukuto, yaani kikunjo kinachovutika kati ya lenzi na filamu, kabla hujalipa hata senti. Lenzi ya milimita 360 ikipiga uso kwa robo ya ukubwa wake halisi inahitaji mvukuto wa milimita 450, yaani urefu wa lenzi ukijumlishwa na robo yake. Ukitaka nusu ya ukubwa halisi, ni milimita 540. Nimeona watu wakinunua lenzi nzuri ya inchi 14 na nusu halafu wakagundua kamera yao inaishia kwenye picha za watu waliosimama mbali.

Angalia pia uzito na upana. Verito ya inchi 14 na nusu ya f/4 ina kioo cha mbele chenye kipenyo kisichopungua milimita 92, na shaba na chuma vinavyokishika si vyepesi. Ubao wa lenzi wa kamera ndogo ya kukunja hauna nafasi ya kitu hicho, na hata ukiupata, fremu ya mbele itainama taratibu wakati wewe uko nyuma unatazama kioo cha kamera, kile ambacho picha huonekana kabla ya kuweka filamu. Ikibidi, iegemeze kwa fimbo au stendi ya pili chini ya lenzi.

Hatua ya tatu: ichunguze kabla ya kununua

Hapa usiwe na haraka. Hesabu ya kwanza ni ya kipenyo: gawa urefu wa lenzi kwa namba yake ya f. Lenzi iliyoandikwa inchi 9 f/4 ni milimita 229 ukigawa kwa 4, sawa na milimita 57. Ukiambiwa ni f/4 na kioo cha mbele kina milimita 40, ama maandishi si ya lenzi hiyo, ama vioo vimebadilishwa. Muuzaji akiwa mbali, mwombe picha yenye rula juu ya kioo cha mbele.

Hesabu ya pili ni ya vimulimuli. Chukua tochi ndogo, imulike ndani ya lenzi kwa pembeni na uhesabu nukta za mwanga zinazoakisiwa. Kila uso wa kioo unaogusana na hewa hutoa nukta angavu. Kila mahali vioo viwili vilipogundishwa hutoa nukta hafifu. Lenzi ya vioo viwili vilivyogundishwa itatoa nukta mbili angavu na moja hafifu. Lenzi ya kioo kimoja itatoa mbili tu. Kwenye Petzval sehemu ya mbele hutoa mbili angavu na moja hafifu, na ya nyuma hutoa nne angavu kwa kuwa vioo vyake vimeachana. Nukta zikipungua, kuna kioo kilichopotea. Ile hafifu ikiwa imegeuka angavu, gundi imeachia.

Gundi hiyo ni ya balsamu na huzeeka. Ikianza kuachia utaona upande mmoja wa kioo miduara ya rangi kama ya mafuta yaliyomwagika majini, au madoa yanayofanana na theluji. Kidogo ukingoni hakiharibu picha, ila ukingo ndio unaochora mng'ao, kwa hiyo usilipie bei ya kioo kizima. Kuvu huonekana kama mizizi myembamba. Ikishaukwangua uso wa kioo hairudi. Mikwaruzo michache mikubwa inanisumbua kidogo kuliko uso mzima uliofifia kwa kusuguliwa na vitambaa miaka mia moja.

Jihadhari hasa na utando wa ndani. Kioo chenye utando hufifisha picha nzima kwa usawa, na mnunuzi mgeni hudhani huo ndio ulaini aliosoma habari zake. Tofauti yake ni hii: mng'ao wa kweli huzunguka sehemu zenye mwanga na kuacha giza la mbali likiwa giza, lakini utando hugeuza giza lote kuwa kijivu. Mulika tochi kutoka nyuma huku ukitazama kutoka mbele katika chumba chenye giza. Kioo safi hakionekani. Chenye utando huwaka chote.

Kuna jambo jingine ambalo lilinigharimu miezi. Niliwahi kununua lenzi ya shaba inayofunguka nyuma, na kila picha niliyopiga ilikuwa ukungu. Nilifunga tundu, nikabadilisha mwanga, nikalaumu macho yangu. Siku moja niliifungua sehemu ya nyuma kwa ajili ya kuisafisha, nikalinganisha na mchoro wa muundo wake, nikaona kioo kimoja kilirudishwa kikiwa kimegeuzwa. Mtu fulani, miaka mingi kabla yangu, aliisafisha na kuikosea. Nilipokigeuza, kiini kikatokea kwenye kioo cha kamera kama mtu aliyefungua dirisha. Tangu hapo lenzi yoyote ya zamani isiyo na kiini hata kwenye f/8 naishuku kwa hilo kwanza, na kabla ya kuondoa kioo chochote nachora mshale kwa penseli ukingoni mwake kuonyesha upande wa mbele.

Mambo mengine ya kumuuliza muuzaji ni mafupi. Je, flanji ipo, yaani ile pete yenye uzi inayoishikilia lenzi kwenye ubao? Ikikosekana itabidi fundi wa mashine akuchongee, na uzi wa lenzi za kale haufuati kipimo kimoja. Je, vijani vya tundu vinafunguka na kufunga bila kukwama? Je, pete ya ulaini inazunguka hadi mwisho wake? Kama ni Imagon, je, sahani zake zote zipo? Bila sahani umenunua nusu ya lenzi, na kuitafuta sahani peke yake ni kazi ya miaka. Mwombe pia aifunge kwa posta ikiwa imetolewa kwenye ubao, na vifuniko pande zote mbili.

Na kama fedha haipo

Usingoje. Chukua kioo cha kuongezea ukaribu, kile kinachofungwa mbele ya lenzi kama kichujio. Chenye nguvu ya +3 kina urefu wa fokasi wa milimita 333. Cha +4, milimita 250. Cha +3 chenye kipenyo cha milimita 55 kinakupa takriban f/6. Kifunge kwenye ubao wa lenzi upande wake uliobonyea ukiwa unamwelekea mtu unayempiga, na mbele yake, kwa umbali wa sentimita chache, weka kadi nyeusi yenye tundu la duara. Hicho ni kioo kimoja kama cha Struss, na picha zake zinaweza kutundikwa ukutani bila aibu. Kata kadi kadhaa zenye matundu ya ukubwa tofauti nawe unao usukani wako.

Kioo kimoja kina kasoro ya ziada ya rangi: mwanga wa bluu hukutana karibu zaidi na lenzi kuliko wa njano na kijani ambao jicho lako linautegemea unapolenga. Tofauti hiyo ni kama asilimia 1 hadi 2 ya urefu wa lenzi. Kwenye filamu inayoona rangi zote, weka kichujio cha njano wakati wa kulenga na wa kupiga. Ukitumia karatasi ya picha, filamu ya eksirei au sahani za kolodioni, ambazo huhisi bluu kwa nguvu, fanya kinyume: lenga ukiwa umeweka kichujio cha bluu, au ukishalenga isogeze lenzi karibu na filamu milimita 3 hadi 6 kwa lenzi ya milimita 300, kisha thibitisha kwa majaribio.

Hatua ya nne: tafuta shata na upunguze mwanga

Lenzi nyingi za kale hazina shata. Suluhisho la studio za zamani ni Packard, shata ya kisanduku inayofunguliwa kwa kuminya mpira wa hewa. Huwekwa nyuma ya ubao wa lenzi na zile zenye mwendo wa haraka hutoa takriban 1/25 ya sekunde. Kamera ya Speed Graphic ina shata ya pazia mgongoni, hadi 1/1000, na kwa lenzi isiyozidi ubao wake ni zana bora. Ndani ya nyumba, kwa mwanga wa dirisha, kifuniko cha lenzi na mkono uliotulia vinatosha kwa sekunde 1 na zaidi.

Tatizo liko juani. Kwa filamu ya ISO 100, jua la wazi kwenye f/4 linataka takriban 1/1600 ya sekunde. Packard yako inatoa 1/25. Mwanga umezidi kwa stopu 6 (kila stopu ni mwanga mara mbili), na huwezi kufunga tundu kwa sababu utaupoteza ulaini ulioununulia lenzi. Njia ni tatu: kichujio cha kijivu cha stopu 6, kivuli kizuri badala ya jua, au malighafi yenye kasi ndogo. Karatasi ya picha yenye kasi kama ya ISO 6 ndani ya kivuli kwenye f/4 inakuleta karibu na 1/12, mwendo ambao mkono na mpira wa hewa vinauweza.

Kumbuka kuongeza kwa ajili ya mvukuto. Ile lenzi ya 360 ikiwa imevutwa hadi 450 inataka mwanga mara 1.56, karibu theluthi mbili za stopu. Wengi huzisahau theluthi hizo halafu wakadhani lenzi yao inatoa vivuli vyepesi.

Hatua ya tano: panga mwanga kwa ajili ya mng'ao

Mng'ao hutoka penye mwanga kwenda penye giza, kamwe si kinyume chake. Sheria hii moja inatosha kukupangia picha nzima. Mtu mwenye nywele nyeusi akisimama mbele ya ukuta mweupe, ukuta utazila nywele zake kutoka pembeni na kichwa kitaonekana kimepungua. Msimamishe mbele ya giza, mulika kwa upande, na mwanga utapanda kwenye ukingo wa shavu na bega na kuanza kupumua nje yake. Kitambaa cheupe begani, tone la maji, unyevu kidogo kwenye paji la uso, hereni: hivi ndivyo vyanzo vya mng'ao. Picha isiyo na nukta kali ya mwanga hata moja hutoka kijivu na chovu kwenye lenzi hizi, na siku za mawingu mazito mimi huiacha lenzi laini nyumbani.

Kwa hiyo tumia mwanga wenye mwelekeo, mkali kuliko ambao ungeuchagua kwa lenzi ya kisasa. Lenzi itaulainisha yenyewe. Na kwa kuwa vioo vya kale havina ule mpako wa kuzuia miakisiko, funika lenzi kwa kivuli kirefu, hata cha karatasi nyeusi, ili mwanga wa pembeni usiingie.

Hatua ya sita: kulenga

Hapa ndipo picha nyingi hupotea. Lenga ukiwa kwenye tundu lilelile utakalopigia. Ukilenga kwenye f/4 kisha ukafunga hadi f/8, mahali penye fokasi husogea nyuma; uliyemlenga jicho atatoka masikio yakiwa makali kuliko kope. Kwa lenzi za kisasa tabia ya kulenga tundu likiwa wazi ni sahihi, na ndiyo sababu wazoefu hukosea hapa kuliko wanaoanza.

Kwenye kioo cha kamera hutaona mstari ukitokea ghafla. Utaona mng'ao unaoogelea, na ndani yake kitu kinachokaza. Mwombe mtu wako ashike tochi ndogo kando ya jicho, au litafute lile doa la dirisha linaloakisiwa kwenye mboni. Kwa kioo cha kukuza, sogeza fokasi mbele na nyuma polepole ukipuuza mng'ao wote na kutazama nukta ya katikati pekee. Pale nukta inapokuwa ndogo na angavu kuliko kwingine, simama. Ukivutiwa na uzuri wa mng'ao ukasimama pale unapopendeza zaidi, utakuwa umepita kiini.

Ukiwa na shaka kati ya mahali pawili, chagua pa mbele, karibu na kamera. Lenzi hizi huyayusha kwa upole vitu vilivyo nyuma ya fokasi, lakini vilivyo mbele yake huvipa kingo ngumu, wakati mwingine maradufu. Kope zikiwa na kiini na masikio yakiyeyuka, uso umekaa sawa. Kwa sababu hiyohiyo usiweke jani wala mkono mbele ya mtu bila kuutazama kwa makini kwenye kioo.

Tundu la kuchagua linategemea ukubwa wa uso kwenye kioo chako. Upana wa mng'ao juu ya filamu haubadiliki sana kwa tundu moja, kwa hiyo uso mkubwa unaubeba na uso mdogo unamezwa. Kichwa na mabega vikijaza filamu ya 8 kwa 10, f/4 inaweza kufaa. Mtu mzima kuanzia kichwani hadi miguuni, funga hadi f/5.6 au zaidi. Kundi la watu, karibu f/8. Lenzi ileile ukiihamishia kwenye 4 kwa 5, ambako uso ni mdogo, funga kidogo zaidi ya ulivyozoea.

Hatua ya saba: kusafisha filamu na kutoa picha

Mng'ao unaoingia vivulini hupunguza tofauti kati ya mwanga na giza, kwa hiyo pima mwanga wa vivuli kama kawaida na uongeze muda wa kusafisha filamu kwa asilimia 15 hadi 20. Hicho ni kianzio; jaribio la kwanza litakuambia ubakie hapo au la. Negativu ya lenzi laini huonekana nyembamba na isiyo na uhai ukiitazama juu ya taa, na usikate tamaa nayo kabla ya kuiona kwenye karatasi yenye gredi ngumu zaidi, yaani inayotofautisha zaidi mwanga na giza, ya ile unayoitumia siku zote. Negativu ya 8 kwa 10 iliyolazwa moja kwa moja juu ya karatasi ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa kiini hakipotei popote njiani. Ukiskani, zima kabisa kazi ya kuongeza ukali kwenye programu. Programu huona ukingo wa mng'ao kama kosa, huukaza, na kuacha pete chafu kuzunguka kila sehemu yenye mwanga.

Kabla ya kazi yoyote ya maana, tumia filamu tatu kwa jaribio moja. Mtu yuleyule, mwanga uleule, f/4, f/5.6 na f/8, ukilenga upya kila mara. Andika nyuma ya kila picha tundu, urefu wa mvukuto, na ukubwa wa uso kwa milimita. Ukizipanga tatu hizo mezani, tafuta ile ambayo kope bado zinahesabika huku mwanga umeanza kumwagika kutoka begani. Hapo ndipo pa kuanzia utakapomweka mtu mwingine mbele ya lenzi hiyo.